Gift Idi na Mbuzi ya Watu

Mama mdogo wangu si kiziwi. Anasikia vizuri sana, ila anasikia anachokitaka. Ndiyo maana Ramadhani ile, mzee wa Kizungu wa duka la charity alipomuuliza, "Gift Aid?", yeye alisikia "Gift Eid", akajibu, "Yes, yes, Eid!" kwa furaha mpaka mzee wa watu na yeye akafurahi, hajui hata anafurahia nini.

Siku hiyo ananiita toka mlangoni, hata buibui hajavua.

"We mtoto, njoo! Unajua Wazungu wamekuwaje siku hizi? Wanatoa mkono wa Idi!"

"Nani anatoa?"

"Pale dukani, wanapouza mitumba ya sadaka. Nimewapelekea vile vikombe vya maua. Mzee akaniuliza kwa mdomo wake, unataka Gift Eid? Nikamwambia nataka, kwa nini nisitake? Kutamka hajui, anasema 'Eidi', maskini. Lakini anajitahidi."

Akanionyesha kijikadi cha plastiki cha kutia kwenye funguo, kina ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine. "Na kadi ya Idi kanipa. Kila nikipeleka kitu naonyesha hii, wanaandika. Idi ikifika naletewa changu."

Kwetu Unguja siku ya Idi mtoto anazunguka majumbani, ananyoosha kiganja, anatiliwa hela. Huo ndio mkono wa Idi. Mama mdogo wakati ule yuko karibu na miaka sitini, na mkono wake alikuwa bado hajaukunja.

Mtu atauliza, na wewe ukaamini? Niliamini! Walthamstow hii, bucha la halali kila kona, soko refu mpaka mwisho huuoni, muuza viazi anakwambia salamalekum kabla hajakuibia kwenye mizani. Sasa duka kutoa zawadi za Idi ndo nishangae? Tena nilikuwa na njaa. Ramadhani ile iliangukia katikati ya summer, magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku, jua limekaa juu linakutazama tu kama lina kesi na wewe. Mwenye njaa ya namna hiyo anaamini chochote.

Basi nyumba ikaanza kutolewa. Kumi la rehema, zile siku za mwanzo, mama mdogo alitoa vyombo. Kumi la maghfira akaingia kwenye nguo. Pasi ikaenda, mapazia yakaenda, jagi la sharubati likaenda na vifuniko vyake. Nikaamka siku moja koti langu la baridi silioni.

"Koti langu liko wapi?"

"Kwani sasa hivi kuna baridi?"

"Baridi itakuja, mama mdogo!"

"Na Idi inakuja kabla yake."

Nikawa viatu vyangu navificha chini ya kitanda. Lakini sikumgombeza, na mie kugombeza ndiyo kazi yangu. Mama mdogo ndiye aliyenileta London nina miaka kumi, mama yangu keshafariki. Alifua, alipika, alifanya kazi jikoni kwenye skuli ya watoto wadogo, mie nikakua. Kwa hiyo watu wa mtaani kwetu wanajua: mama mdogo akigombana na mvua, na mie nagombana na mvua, halafu ndo nauliza nani mkosa.

Siku moja akanichukua nimsaidie kubeba cherehani iliyokufa. Nikaingia dukani, naangalia ukutani, naona bango kubwa. Herufi zimeandikwa wazi, mtu na macho yake: A, I, D. Hakuna E ya Eid pale. Nikahisi damu inapanda.

Nikamwendea yule mzee. Ni mzee mwembamba, suruali yake kaibana miguuni kwa klipu za baiskeli na baiskeli yenyewe sijawahi kuiona. Nikamuuliza, hii kadi ya mama mdogo ni ya nini hasa? Akasimama wima, akatoa maneno yake kama mtoto wa chuoni anayesoma sura aliyohifadhi: vitu bado ni vyake mama, sisi tunamuuzia tu kwa niaba yake, vikishauzwa pesa ni zake, na yeye kakubali kutuachia, na serikali inatuongezea kodi aliyolipa.

"Anasemaje?" mama mdogo kanivuta mkono.

"Anasema yeye dalali wako."

"Dalali! Anachukua kiasi gani?"

"Yote."

"Basi huyo si dalali, mwanangu. Huyo ni mwizi mwenye adabu."

Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi baina ya muuza sufuria na muuza soksi, nikamweleza. Mambo ya kodi nayajua. Skuli niliiwacha mapema, nauza makava ya simu hapo hapo sokoni, lakini mwaka wangu wa kwanza wa kazi walinikata kodi kupita kiasi, na mie kitu kikiniudhi nakisoma mpaka mwisho. Wengine wanasoma kwa karo, mie nimesoma kwa hasira.

"Sikiliza. Wewe unafanya kazi, unakatwa kodi?"

"Nakatwa."

"Ukitoa sadaka, serikali inaona haya kukaa na kodi iliyoikata kwenye pesa uliyokwenda kuitoa sadaka. Inairudisha. Kwa kila paundi, robo paundi."

"Inanirudishia mie?"

"Inawarudishia wao duka."

"Hee!"

"Lakini serikali haiwezi kurudisha kodi ya sahani. Sahani haina kodi. Pesa ndiyo ina kodi. Ndiyo maana wanaigeuza sahani pesa kwanza, iwe pesa yako, halafu ndo wewe unatoa. Kwa dakika moja pale unakuwa tajiri, basi tena."

"Na Idi imeingia wapi?"

"Haimo."

"Haimo kabisa?"

"Aid, mama mdogo. Msaada. Si Idi."

Muuza soksi anapiga kelele soksi tatu kwa paundi, mama mdogo anatazama vidole vya miguu yake. "Yaani nimekaa nangoja Idi kama mtoto mdogo," akasema. Nikaona mdomo unamcheza, nikasema analia huyu, ole wake yule mzee na klipu zake, narudi sasa hivi. Kumbe anacheka. Akacheka mpaka akaegemea begani kwangu, na mie nikacheka, tunacheka na njaa, mtu akatupita akatuuliza kama tuko salama.

Alipomaliza kucheka akajifuta macho, akakaa sawa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayepanga jambo:

"Kwa hiyo kila sahani ninayotoa mie, serikali inalazimika kutoa robo sahani?"

"Ndivyo."

"Miaka yote hii wananikata wao. Basi sasa zamu yangu. Nitawafilisi."

Na kweli. Kama mwanzo alitoa kwa mahaba, kumi la mwisho alitoa kwa vita. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anapita dukani na mfuko. Anarudi anasema, "Leo nimeikata serikali kidogo." Mie namchekea. Nilicheka mapema.

Sasa lazima nimtie kwenye hadithi shoga yake, rafiki yake wa damu.

Shoga yake mama mdogo ni Mhindi wa Unguja, anakaa Rayners Lane, upande wa pili kabisa wa London. Walijuana miaka mingi kabla sijafika mimi. Mama mdogo alikuwa sokoni anabonyeza muhogo, akasikia nyuma yake mtu anasema kwa Kiunguja kilichonyooka, "Mchungu huo, bibi, usijisumbue." Akageuka amtafute Mswahili mwenziwe, akamkuta mama wa Kihindi kavaa sari na koti la mvua juu. Tangu siku hiyo hawajawahi kumaliza mazungumzo. Wakiagana mlangoni wanasimama saa nzima.

Familia ya shoga iliondoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye bado msichana. Wenziwao walishonea dhahabu kwenye pindo za nguo. Mama yake yeye alibeba mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao chake cha kukunja na ulimi wake wa chuma wenye meno. Watu walimcheka uwanja wa ndege. Mwenyewe akasema, huko niendako dhahabu ipo, mbuzi sijui.

Shoga aliirithi. Na kwa kuwa mama mdogo tui la kopo halitaki, anasema lina ladha ya kopo, basi kila ikikaribia Ramadhani shoga anaileta kwa treni kwenye mfuko, anabadilisha mpaka mwisho wa reli huku kwetu, na Idi ikipita anakuja kuichukua. Hajawahi hata siku moja kupiga simu kuuliza mbuzi yangu iko wapi. Amana haiulizwi.

Siku hiyo akapiga. Ilikuwa alasiri, nimekaa na mama mdogo jikoni tunatazama nazi mbili kama watu wanaotazama televisheni.

"Shoga," sauti yake ikasikika jikoni zima maana wote wawili simu wanaziweka spika, "mjukuu wangu kapata flat yake. Anahama Jumapili. Nataka aondoke na mbuzi."

"Mjukuu wako? Huyu anayekula chipsi?"

"Huyo huyo! Kaniomba mwenyewe. Kwa Kiingereza, lakini kaomba. Nikalia, shoga. Sikudhani kuna mtu ataitaka. Nije kesho?"

"Njoo, njoo," mama mdogo anasema, simu mkononi, anatembea kuelekea chini ya ngazi tunapoweka vitu. "Njoo, si yako, iko hapa hapa..."

Akafungua kijimlango. Mie niko nyuma yake, nikaona shingo yake imekaza.

"...iko hapa hapa," akamalizia, pole pole, akakata simu.

"Ile kanga ya njano umeiona?" akaniuliza bila kugeuka.

"Kanga gani?"

"Niliyoifungia mbuzi, isije ikatukata."

Wote wawili tulikuwa tunatazama mahali ambapo asubuhi palikuwa na mfuko mmoja mkubwa wa duka, na sasa pana vumbi lenye umbo la mfuko.

Mama mdogo akakaa kwenye ngazi. "Nimetoa amana ya mtu sadaka," akasema. "Tena kumi la mwisho." Akasema vile kama mtu aliyeambiwa na daktari. "Mtoto kaiomba mwenyewe. Nitamwambia nini shoga yangu? Nimeiuza nikapata thawabu?"

Hapo mie sikungoja. Nilivaa kiatu kimoja changu na kimoja chake, nikamvuta mkono, tukatoka mbio. Duka linafunga saa kumi na moja. Ukitaka kujua urefu wa soko la Walthamstow, likimbie umefunga. Mama mdogo nyuma yangu anasema, "Mbuzi ya watu, mbuzi ya watu," kama anaivuta uradi. Muuza viazi akauliza, "Auntie, kuna nini?" Akamjibu kwa Kiswahili, "Niache!" Akaelewa.

Kitu cha kwanza tulichokiona dirishani ni kanga ya njano. Wameitandaza kama kitambaa cha meza, tena chini juu. Mama mdogo akainamisha kichwa asome jina la kanga yake mwenyewe: Usisafirie nyota ya mwenzio.

"Hata kanga inanisema," akasema.

Juu ya kanga kuna kitabu cha mapishi kimelazwa chali, na karatasi ya bei yenye maneno, kishikio cha vitabu, Afrika. Kishikio chenyewe hakipo.

Nikaingia kwa mlango wote. Pale kwenye mashine ya kulipia amesimama kijana wa Kizungu, ndevu zimechanwa vizuri kuliko nywele zangu, kashika mbuzi yetu kwapani. Ulimi wameuvisha plastiki ya mapovu na utepe mwekundu, kama bwana harusi aliyelazimishwa. Kadi ya benki iko mkononi, inateremka kwenye mashine.

Sasa Kiswahili kina adabu. Ukisema mbuzi yangu, kila mtu anajua ya kukunia. Ukisema mbuzi wangu, ana miguu minne. Kiingereza hakina adabu hiyo, na mie kwa kasi ile sikupata nafasi ya kufikiri. Nikapiga ukelele kwa Kiingereza:

"Simama! Umemshika mbuzi wa mama mdogo!"

Duka zima likageuka. Mwanamke mmoja akatazama chini, karibu na miguu yake. Mzee wa klipu akaja taratibu, mikono mbele, kama anamkaribia mtu mwenye kisu.

"Binti, samahani," akasema, "wanyama sisi hatupokei."

"Si mnyama!" nikamwambia. "Ni mbuzi tu!"

Kijana wa ndevu akanitazama, akaitazama kadi yake, akaamua amalize mambo yake aende. Kadi ikashuka. Nikaruka, nikaweka kiganja changu juu ya mashine. Ikawa kadi yake juu ya mkono wangu na mkono wangu juu ya mashine, na mashine haikulia.

Meneja akatoka chumba cha nyuma, mama mnene mwenye bunduki ya kubandikia bei. "Kuna nini hapa?"

Basi nikafunguka. Nikasema huyu mzee wako kaniambia mwenyewe, hapa hapa, vitu ni vya mwenyewe mpaka viuzwe. Nyinyi madalali. Dalali hauzi kitu mwenyewe kasimama mbele yake anasema siuzi! Na hakijauzwa, mashine haijalia, shahidi huyu mkono wangu. Nilisema na mengine ambayo mfungaji hasemi, nikayameza nusu.

Meneja akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa kukubali, tena kwa fahari, nadhani hakuna mtu aliyewahi kuyasikiliza maneno yake mpaka mwisho. "Ni kweli," akasema. "Ana haki ya kukirudia."

"Sawa," meneja akasema. Akachukua kijikadi cha mama mdogo, akakisoma kwa mashine, akakisoma na kibandiko cha mbuzi, vikaoana. Akageuka kwa upole. "Mama, hiki ni chako?"

"No," mama mdogo akasema.

Nilitamani kanga ile inifunike.

"Not my," akaendelea na Kiingereza chake. "My friend."

"Mama mdogo, sema ndiyo!" nikamwambia kwa Kiswahili, na tabasamu usoni kama mtu anayetafsiri.

"Nimefunga."

"Sema ndiyo halafu utubu!"

"Wewe kufunga hujui, unajua kushinda na njaa tu."

"Tutaikosa!"

"Nimeshatoa kitu si changu. Sasa na kusema changu? Nitamtazama vipi shoga?"

Kijana wa ndevu akaona upenyo. "Kama si chake," akasema, "basi mimi nilipe tu?"

Huyo ndiye aliyenirudishia moto. Nikamgeukia. "Kama si chake, kakitoaje? Na kama hakuweza kukitoa, nyinyi mnauza nini? Wewe unanunua nini? Upepo?" Meneja akafumba macho. Mzee wa klipu akasema pole pole, "Ana hoja," na mie nikampenda pale pale, klipu na vyote.

Lakini aliyemaliza maneno si mie. Mama mdogo alimwendea yule kijana, akamwambia, "Excuse me, baba," akaitoa mbuzi kwapani mwake kama anayepokea mtoto. Akaibandua plastiki, akaufungua utepe. Akaikunjua, akaiweka chini katikati ya duka, akakusanya buibui, akakaa upande kama wanavyokaa. Akashika nazi ya hewa kwa mikono miwili, akaanza kukuna. Kru, kru, kru, anazungusha na mdomo unatoa sauti. Akatua. Akakamua tui la hewa kwenye bakuli la hewa, akachuja, akanitazama nitafsiri.

"Anasema hivyo," nikasema.

Watu wakacheka, yule mwanamke aliyekuwa anatafuta mbuzi miguuni akapiga makofi. Kijana akachutama, akayagusa meno ya chuma kwa kidole, akakitoa haraka.

"Kwa hiyo si ya kuwekea vitabu?"

"Ungeweka kitabu humo," nikamwambia, "kingetoka chicha."

Akacheka. Mtu mzuri, haki ya Mungu, nilimchukia bure. Akaitia kadi yake mfukoni. Halafu akaangalia dirishani. "Na kile kitambaa cha njano? Nacho kina matatizo?"

Nikamfikishia mama mdogo. Akafikiri. "Kanga yangu mwenyewe. Hiyo halali. Auze."

Kijana akalipa. Mashine ikalia, pii. Mama mdogo akaruka kidogo, maana vita vyake vyote vile na serikali alikuwa hajawahi kuisikia risasi hata moja.

"Na serikali?" akaniuliza.

"Na serikali itatoa."

"Afadhali," akasema, akaikumbatia mbuzi. "Mwambie maandishi yanakaa chini, asiitandike kama wao."

Kesho yake shoga alifika alasiri, sari ya bluu, koti la mvua na jua lote lile. Mbuzi iko mezani, tumeifuta, tumeipaka mafuta kidogo, inang'aa kuliko siku zote, jambo ambalo peke yake lingetosha kutufunga jela. Mie nimeshamwambia mama mdogo usiku wote asiseme. Kitu kimepatikana, cha kusema nini? Yeye anasema atasema. Nikawa nazungumza kwa nyusi: usiseme. Naye kwa nyusi: nasema. Shoga katikati yetu anasifu nazi zilivyopanda bei.

Akaichukua mbuzi, akaigeuza atie kwenye mfuko wake. Akasita. Akaisogeza karibu na macho.

"Shoga," akasema. "Hii nini?"

Chini ya kibao, kibandiko cheupe. Mistari myeusi na bei. Tulifuta mbuzi nzima, tumbo hatukufuta.

Mama mdogo akayatoa yote kwa pumzi moja. Gift Idi, mzee, dalali, serikali, mfuko, kanga, kijana wa ndevu. Alipofika kwenye "nimetoa amana yako, shoga, nisamehe" sauti ikakatika, akashika ncha ya meza. Mie nimesimama, nishajiandaa kumtetea, na sijui namtetea kwa nani, maana shoga nampenda vile vile.

Shoga anakitazama kibandiko. Akaigeuza mbuzi kwenye mwanga, na mama mdogo pale alipo alikuwa anazeeka.

"Paundi sita?" shoga akasema.

"Eh?"

"Paundi sita! Mama yangu kaibeba mapajani kwenye ndege, watu wanamcheka, na nyinyi mnaiuza paundi sita?"

"Si mie, shoga, ni wao waliopanga!"

"Na wewe ukakaa kimya? Ungewaambia hata thelathini! Mbuzi ya Unguja!"

"Mie nilikuwa nataka kuirudisha!"

"Ungeirudisha kwa thelathini!" Akagonga meza, na hapo nikaona mabega yake yanatikisika. "Halafu thawabu zangu ziko wapi?"

"Thawabu gani?"

"Umetoa kitu changu sadaka mwezi wa Ramadhani. Thawabu zako au zangu?"

"Wewe Mhindi, kufunga hufungi, thawabu za Ramadhani utazifanyia nini?"

"Nitaziweka! Mimi na Mungu wangu tutajua!"

Wakacheka mpaka wakashikana, mmoja anapiga mgongo wa mwenziwe, na nikaona mama mdogo analia humo humo ndani ya kicheko, na shoga anamfuta kwa pindo la sari kama hakuna kitu. Mie nikageuka nikaangalia nazi.

Nikachukua kisu nikibandue kile kibandiko. Shoga akanipiga kofi la mkono. "Kiache. Mjukuu wangu akiuliza, nimweleze. Na mwakani Ramadhani ataileta yeye mwenyewe kwa treni. Umfundishe kukuna, shoga, maana mie magoti yamekwisha. Kukalia anajua, anakalia simu kutwa."

Mlangoni wakasimama kuagana, nikajua hapa ni saa nzima, nikavuta kiti. Shoga mbuzi iko mfukoni, mkono mmoja kwenye kitasa. Akakumbuka kitu. Akafungua pochi, akapekua, akatoa paundi moja.

"Nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Mama mdogo akanyoosha kiganja. Shoga akamtilia, akasema kwa sauti ya yule mzee kabisa na hajamwona maisha yake, "Gift Eidi."

"Idi bado, shoga."

"Chukua sasa hivi, kabla hujaniuza na mie."

Mama mdogo akaitazama ile paundi, karibu na miaka sitini huyo, amesimama mlangoni Walthamstow na kandambili zake. Akacheka. Mkono wake akaukunja.